Nusu Saa kwa Wiki Haimfundishi Mtoto Kihispania

Septemba 1963, shule ya msingi ya Coral Way mjini Miami, Marekani, ilifungua mwaka wa masomo kwa utaratibu ambao shule za umma za nchi hiyo zilikuwa hazijaujaribu tangu Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Watoto wa darasa la kwanza hadi la tatu, wengine wakitoka katika nyumba za Kiingereza na wengine wakiwa watoto wa Wakuba waliokimbia mapinduzi ya mwaka 1959, walisoma nusu ya siku kwa lugha ya nyumbani na nusu nyingine kwa lugha ya wenzao. Saa za chakula, muziki, sanaa na michezo walichanganywa pamoja. Shirika la Ford Foundation lilisaidia gharama za kuanzia. Miongoni mwa wasaidizi wa madarasa walikuwamo wanawake wa Kikuba ambao kwao walikuwa walimu kamili, na ukimbizi ndio uliowavua kazi hiyo.

Mtoto wa Kimarekani aliyeingia Coral Way hakungoja kengele ya kipindi cha lugha. Alihesabu kwa Kihispania, akasomewa hadithi kwa Kihispania, akaagizwa, akakemewa na kusifiwa kwa Kihispania. Wazazi walikuwa na hofu moja kubwa, kwamba Kiingereza cha mtoto kingedumaa. Utafiti uliokamilishwa mwaka 1968 katika Chuo Kikuu cha Miami uliwatoa hofu hiyo: watoto wa Coral Way walifanya vizuri katika Kiingereza sawasawa na wenzao wa shule za kawaida, ingawa nusu ya siku yao ilikuwa imekwenda kwa lugha nyingine. Shule hiyo ipo hadi leo, na bado inafundisha kwa lugha mbili.

Zaidi ya nusu karne imepita tangu jambo hilo lithibitike. Hata hivyo, katika nchi nyingi zinazojivunia kufundisha Kihispania katika shule za msingi, mtoto hupewa kipindi kimoja kifupi kwa wiki: rangi, namba, siku za juma, wimbo wa siku ya kuzaliwa. Mwaka unaofuata huanza tena na rangi. Mzazi akisikia mwanawe anahesabu moja hadi kumi kwa Kihispania hufurahi, na ana haki ya kufurahi. Wanaopaswa kubanwa kwa maswali ni wapangaji wa elimu, wanaoiita furaha hiyo ufundishaji wa lugha.

England inafaa kutazamwa kwa karibu. Tangu Septemba 2014, kila shule ya msingi inayofuata mtaala wa taifa nchini humo inapaswa kufundisha lugha ya kigeni kwa watoto wa miaka 7 hadi 11. Mtaala unataka mtoto apige hatua kubwa katika lugha moja. Hausemi ni saa ngapi. Kila shule inajichagulia lugha na muda, na tafiti zinazofanywa na British Council mwaka hadi mwaka zimeonyesha kwamba shule nyingi hutoa chini ya saa moja kwa wiki. Kifaransa bado kinaongoza katika shule za msingi, na Kihispania kinafuata katika nafasi ya pili. Huko juu mambo yamegeuka: mwaka 2019 Kihispania kilikipita Kifaransa kwa idadi ya watahiniwa wa mtihani wa kidato cha mwisho, na mwaka 2025 kikakipita pia katika mtihani wa umri wa miaka 16.

Hesabu yake ni nyepesi. Mwaka wa shule wa England una takriban wiki 38. Nusu saa kwa wiki ni saa 19 kwa mwaka, na kwa miaka minne ni saa 76. Shule yenye ukarimu, inayotoa dakika 45, itafika saa 114. Hapo hazijatolewa wiki za mitihani, mazoezi ya maigizo ya Krismasi, safari za mafunzo na siku ambazo mwalimu ni mgonjwa. Sasa ilinganishe hesabu hiyo na ile ya taasisi inayowafundisha lugha wanadiplomasia wa Marekani. Kwa mtu mzima mwenye nia, anayelipwa mshahara ili ajifunze, taasisi hiyo hutenga saa 600 hadi 750 za darasani kwa Kihispania, na hicho imekiweka katika kundi la lugha rahisi kwa msemaji wa Kiingereza. Kiswahili imekipa takriban saa 900. Kama mtu mzima anahitaji saa 600, mtoto wa miaka minane atafika wapi kwa saa 76?

Waingereza walikwisha kulijibu swali hilo wenyewe. Mwaka 1964 walianzisha mpango mkubwa wa majaribio wa kufundisha Kifaransa kuanzia umri wa miaka minane, na kwa miaka kumi mtafiti Clare Burstall na wenzake waliwafuatilia watoto hao. Ripoti yao ya mwaka 1974 iliwavunja moyo wengi: kufikia umri wa miaka 16, walioanza na miaka minane hawakuwa wamewazidi sana walioanza na miaka 11, isipokuwa kidogo katika kusikiliza. Sababu mojawapo ilikuwa wazi. Watoto walipofika sekondari walichanganywa na wanaoanza, na mwalimu akaanza tena na alfabeti. Serikali iliipokea ripoti kama hukumu dhidi ya lugha katika shule za msingi, na kwa miaka mingi mpango huo ukawekwa kando. Kosa la mpangilio likahesabiwa kuwa kosa la watoto.

Marekani nayo ilipita njia hiyohiyo, kwa Kihispania chenyewe. Katika miaka ya 1950 vuguvugu la kufundisha lugha za kigeni katika shule za msingi lilienea kutoka jimbo hadi jimbo. Warusi waliporusha Sputnik tarehe 4 Oktoba 1957, Wamarekani walishtuka, na mwaka uliofuata Bunge likapitisha sheria ya elimu kwa ajili ya ulinzi wa taifa, iliyomwaga fedha katika sayansi, hisabati na lugha. Kufikia mwaka 1960, zaidi ya watoto milioni moja wa shule za msingi walikuwa wakisoma lugha ya kigeni. Walimu waliojua lugha hawakutosha, kwa hiyo baadhi ya shule zikageukia televisheni: watoto waliketi mbele ya kioo, mwalimu wa mbali akatamka, darasa likarudia. Kabla ya muongo wa 1960 kwisha, sehemu kubwa ya mipango hiyo ilikuwa imenyauka. Fedha zilipungua, malengo hayakueleweka, na sekondari hazikuwa na habari kwamba mtoto anayeingia alikuwa tayari na lolote kichwani.

Mzunguko huo haukukoma hapo. Kituo cha isimu tumizi cha Washington kimezihesabu shule za Marekani kwa nyakati tatu. Mwaka 1987, shule za msingi zilizofundisha lugha ya kigeni zilikuwa asilimia 22. Mwaka 1997 zikawa 31, na mwaka 2008 zikashuka hadi 25. Katika kipindi hichohicho Kihispania kilizidi kutawala, hata mwaka 2008 asilimia 88 ya shule za msingi zilizokuwa na lugha ya kigeni zilikuwa zikikifundisha. Mapenzi kwa Kihispania yapo. Kinachopanda na kushuka ni utayari wa kukilipia.

Kiini cha udhaifu huu ni imani moja inayopendwa sana: mtoto ni kama sifongo, ukimweka karibu na lugha atainyonya. Imani hiyo ina chembe ya ukweli na uzito mkubwa wa upotoshaji. Ni kweli kwamba mtu anayehamia nchi nyingine akiwa mdogo, mwisho wa safari huizungumza lugha ya huko vizuri kuliko aliyehamia akiwa mtu mzima. Utafiti wa mwaka 2018 uliotumia majibu ya watu wapatao 670,000 waliofanya jaribio la sarufi ya Kiingereza kwenye mtandao ulionyesha kwamba uwezo wa kuinasa sarufi hubaki imara hadi karibu umri wa miaka 17, kisha huporomoka. Lakini mtoto aliyehamia anaishi ndani ya lugha hiyo kutwa kucha. Aliye darasani hukutana nayo Alhamisi baada ya chakula cha mchana.

Darasani, mambo hugeuka juu chini. Mtafiti Carmen Muñoz na timu yake huko Barcelona waliwalinganisha watoto walioanza Kiingereza wakiwa na miaka minane na walioanza wakiwa na miaka 11, wakihakikisha kwamba wote wamefundishwa saa zilezile. Kila walipopima, baada ya saa mia mbili, mia nne na ushei, na mia saba na ushei, wakubwa walikuwa mbele kwa jumla. Nchini Uholanzi, mwaka 1978, watafiti Catherine Snow na Marian Hoefnagel-Höhle waliwapima wasemaji wa Kiingereza waliokuwa wakijifunza Kiholanzi, wakaona kwamba katika miezi ya mwanzo vijana wa miaka 12 hadi 15 ndio waliokwenda kasi kuliko wote, wakiwaacha watoto wadogo nyuma. Kijana ana mbinu: anajua kusoma, anaweza kuilinganisha kanuni na kanuni, anajua kukariri kwa makusudi. Mtoto mdogo hujifunza kwa njia nyingine, ya kusikia jambo mara nyingi katika hali nyingi hadi likae lenyewe. Njia hiyo ni ya polepole, na inataka maneno mengi, kila siku, kwa miaka. Ukimpa mdogo saa chache, umemnyima kitu kilekile kinachomfanya awe mwanafunzi bora wa lugha.

Kwa hiyo umri mdogo ni mtaji unaozaa pale tu muda unapotosha. Jimbo la Utah lililielewa hilo. Mwaka 2008 lilipitisha sheria ya kuanzisha madarasa ya lugha mbili katika shule zake za umma, chini ya gavana Jon Huntsman, ambaye mwenyewe anazungumza Kichina. Utaratibu wake ni mwepesi kuueleza. Walimu wawili wanagawana madarasa mawili. Mmoja hufundisha kwa Kiingereza tu, mwingine kwa Kihispania tu, au Kifaransa, au Kichina. Ikifika katikati ya siku, watoto wanabadilishana. Shule haihitaji kuongeza idadi ya walimu, kwa sababu hao wawili wangekuwapo hata bila mpango huo. Inachohitaji ni mmoja wao awe anaijua lugha sawasawa. Hisabati ikifundishwa kwa Kihispania, mtoto hajapoteza kipindi cha hisabati. Amepata vitu viwili kwa saa moja.

Wazo la kuzamisha mtoto katika lugha kupitia masomo mengine lilipata nguvu Quebec, Kanada, mwaka 1965, pale wazazi wa Kiingereza wa mji wa St. Lambert walipoishinikiza bodi ya shule iwafundishe watoto wao kwa Kifaransa tangu chekechea. Wallace Lambert wa Chuo Kikuu cha McGill aliwafuatilia watoto hao kwa miaka. Mwaka 1971 mji wa Culver City, California, uliuchukua mfano huo kwa Kihispania. Ushahidi wenye nguvu zaidi ulikuja baadaye kutoka Portland, Oregon. Huko nafasi katika madarasa ya lugha mbili ziligawiwa kwa bahati nasibu kwa sababu waombaji walikuwa wengi, na hivyo watafiti wakapata nafasi adimu ya kuwalinganisha waliobahatika na waliokosa, bila wasiwasi kwamba wazazi wa kundi moja walikuwa na bidii kuliko wa kundi jingine. Waliobahatika walikuwa mbele katika kusoma Kiingereza kwa kiasi cha miezi saba ya shule walipofika darasa la tano, na miezi tisa walipofika la nane. Tena hicho ni Kiingereza, lugha ambayo watu waliogopa ingeumia.

Kihispania chenyewe kinamrahisishia mtoto kazi. Kina irabu tano zisizoyumba, na maandishi yake yanafuata matamshi kwa uaminifu. Mwaka 2003 watafiti waliowapima watoto wa nchi mbalimbali za Ulaya, mwishoni mwa mwaka wa kwanza wa shule, walikuta kwamba watoto wa Hispania walisoma sawasawa takriban asilimia 95 ya maneno ya kawaida, wakati waliojifunza kusoma kwa Kiingereza walipata asilimia 34. Mtoto wa Kiingereza anayekutana na Kihispania hugundua kwa mara ya kwanza kwamba herufi inaweza kuaminika. Mtoto wa Kiswahili angejiona yuko nyumbani: a, e, i, o, u zake ndizo hizohizo, na upatanisho wa nomino na kivumishi haumshangazi, kwa kuwa amezoea ngeli nyingi zaidi ya zile jinsia mbili za Kihispania. Ugumu upo mbele zaidi, katika vitenzi vinavyobadilika kila mtu na kila wakati, na katika r inayotetemeshwa. Ugumu huo hautatuliwi kwa wimbo wa rangi.

Wimbo haustahili kudharauliwa kwa sababu hiyo. Mwalimu hodari wa watoto wadogo hutumia nyimbo, michezo, vibonzo, vikaragosi na hadithi, na hutumia mwili. Katika miaka ya 1960 mwanasaikolojia James Asher alitengeneza mbinu ambayo mwalimu huamuru na watoto hutenda: simama, geuka, gusa mlango, mpe mwenzako kitabu. Mtoto huelewa muda mrefu kabla hajaanza kusema, na hakuna anayemlazimisha kusema kabla hajawa tayari. Baadaye hadithi hurefuka, mtoto anaanza kusoma mwenyewe, anaandika barua fupi, anaeleza jinsi alivyopata jibu la hesabu. Kila hatua inategemea mwalimu anayeweza kusema jambo lisilokuwamo kitabuni. Mtoto akianguka uwanjani na kulia, mwalimu ambaye Kihispania chake kinaishia kwenye namba na rangi hurudi kwenye Kiingereza papo hapo, na darasa zima linaelewa kwamba Kihispania ni mchezo wa kuigiza, na mambo ya kweli yana lugha yake nyingine.

Mwalimu wa namna hiyo hapatikani kwa semina ya siku mbili. Katika shule nyingi za England anayefundisha lugha ni mwalimu wa darasa mwenyewe, ambaye huenda aliiacha lugha hiyo akiwa na miaka 16. Serikali ya Hispania, tangu miaka ya 1980, imekuwa ikiwapeleka walimu wake kufundisha katika shule za Marekani kwa mkataba wa miaka michache, na majimbo kadhaa yanawategemea. Ni msaada wa maana, lakini mwalimu mgeni huondoka pale anapoanza kuijua shule. Hazina kubwa zaidi iko palepale. Marekani ina zaidi ya watu milioni 40 wanaozungumza Kihispania nyumbani. Wengi wao wangeweza kuwa walimu kama njia ya kusomea kazi hiyo ingekuwa fupi na nafuu kwao.

Hapa ndipo habari inapogusa haki. Katika mji mdogo wa Marfa, Texas, mwaka 1954, watoto wa Kimeksiko wa shule ya Blackwell waliambiwa waandike maneno ya Kihispania kwenye vikaratasi, kisha vikaratasi hivyo vikazikwa uani, ili iwe ishara kwamba lugha hiyo haitasikika tena shuleni. Mwaka 2022 sheria ilipitishwa Marekani ya kuifanya shule hiyo kuwa eneo la kumbukumbu ya taifa. Jimbo la California nalo, katika kura ya maoni ya mwaka 1998, liliibana sana elimu ya lugha mbili kwa watoto wa wahamiaji. Mwaka 2016 wapiga kura walewale wakaiondoa sheria hiyo kwa wingi mkubwa. Kwa miaka yote hiyo, mtoto wa Kiingereza aliyejua maneno mia ya Kihispania alipigiwa makofi, na mtoto wa Kimeksiko aliyekijua chote aliambiwa ana upungufu.

Mtaalamu Guadalupe Valdés alionya mwaka 1997 kwamba madarasa ya lugha mbili yanaweza kugeuka kuwa neema ya wenye nacho, iwapo mtoto wa mhamiaji anawekwa darasani kama chombo cha mazoezi cha mtoto wa tajiri. Onyo hilo bado lina uzito. Wazazi wenye kipato hujua mapema tarehe za maombi, huhamia karibu na shule nzuri, na nafasi zikijaa anayebaki nje ni yule ambaye Kihispania ni lugha ya mama yake. Shule yenye nia njema hutenga nafasi kwa watoto wa makundi yote mawili, na hupima Kihispania cha kila mtoto kwa uzito uleule inaopima Kiingereza.

Afrika nayo ina mifano yake, na Kihispania si mgeni wa mbali hapa. Ni mojawapo ya lugha rasmi za Umoja wa Afrika, pamoja na Kiswahili. Kinatumika Guinea ya Ikweta, iliyokuwa koloni la Hispania hadi mwaka 1968. Katika kambi za wakimbizi wa Sahara Magharibi karibu na Tindouf, Algeria, watoto ambao lugha yao ni Kiarabu cha Hassania husoma Kihispania wakiwa bado shule ya msingi. Shule hizo ni maskini, zimo jangwani, na vitabu ni vichache. Walicho nacho ni sababu. Kila kiangazi maelfu ya watoto huenda kukaa na familia za Kihispania kwa wiki kadhaa, kupitia mpango uitwao Vacaciones en Paz, na katika koo nyingi wapo watu wazima waliosomea Kuba na kurudi wakiwa madaktari na walimu. Kwa mtoto huyo Kihispania kina sura, kina sauti, kina watu wanaomngoja.

Wapo wanaosema kidogo ni bora kuliko hakuna: hata nusu saa humfungulia mtoto macho, humwondolea woga wa wageni, humwonjesha utamu wa lugha. Hoja hiyo inastahili heshima. Kuonja kuna thamani yake, na shule isiyo na uwezo wa zaidi inaweza kutoa hicho kwa uaminifu, ikikiita kwa jina lake. Tatizo ni kuandika katika mtaala kwamba mtoto atapiga hatua kubwa, kisha kumpa saa 19 kwa mwaka na mwalimu aliyejifunza somo hilo usiku uliotangulia. Mtoto anapofika sekondari baada ya miaka minne akiwa hawezi kuuliza njia ya msalani, hailaumu ratiba. Huamini kwamba yeye si mtu wa lugha, na imani hiyo huweza kumfuata maisha yake yote. Kuliko hivyo, heri kungoja. Mtoto aliyeanza na miaka 11, akapewa saa tano kwa wiki na mwalimu anayeijua lugha, atampita aliyeburuzwa tangu miaka saba.

Wasomaji wa Afrika Mashariki wanalijua jambo hili kwa mlango wa Kiingereza. Tanzania ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia shule za msingi mwaka 1967, na Kiingereza kikabaki somo. Miaka saba ya vipindi vya Kiingereza ilitegemewa imtayarishe mtoto kusoma kila kitu kwa Kiingereza afikapo kidato cha kwanza. Mwaka 1984 ripoti ya watafiti Criper na Dodd ilieleza bila kificho kwamba kiwango cha Kiingereza mashuleni hakikutosha kufundishia. Vipindi vilikuwapo; vilivyokosekana ni walimu walioijua lugha vizuri, vitabu vya kutosha na nafasi ya kuitumia nje ya daftari. Kenya, kwa upande wake, imeweka Kifaransa, Kijerumani, Kiarabu na Kichina kuwa masomo ya hiari katika shule za msingi chini ya mtaala wa umilisi, na shule za binafsi za kimataifa katika miji mikubwa ya kanda hii zimeongeza Kihispania kwenye mabango yao. Lugha zinabadilika, masharti ya kuzifundisha hayabadiliki.

Serikali inayotaka watoto wake wajue Kihispania, au lugha nyingine yoyote ya kigeni, ianze na walimu: iwasomeshe, iwapime kwa kuzungumza, iwalipe, ndipo itangaze somo. Iandike saa katika sheria, si nia peke yake. Ihakikishe sekondari inampokea mtoto pale alipofika. Isiibe saa hizo kutoka lugha ya nyumbani ya mtoto, kwa maana Coral Way ilifanikiwa kwa kuheshimu lugha mbili kwa wakati mmoja.

Na mzazi anayeonyeshwa bango jipya la shule lenye neno Kihispania, kabla hajalipa ada, aulize maswali manne. Mwanangu atasikia lugha hii saa ngapi kwa wiki? Anayemfundisha anaweza kuizungumza bila kitabu mkononi? Darasa la mwakani litaendelea kutoka hapa, au litaanza upya? Na akimaliza darasa la mwisho, mmepanga aweze kufanya nini kwa Kihispania ambacho leo hawezi? Shule iliyojiandaa itajibu yote manne papo hapo. Ikisitasita, mzazi aidai ratiba kwa maandishi, au aipeleke ada yake kwingine.